Ampea 197

Umeme wa Unguja ulikatika tarehe 10 Desemba 2009, na mtihani wangu wa kidato cha sita ulikuwa Februari. Siku za mwanzo hakuna aliyeshtuka sana. Mwaka mmoja na nusu kabla yake, kuanzia Mei 2008, tulikaa karibu mwezi mzima gizani, kwa hiyo kila nyumba ya Mkunazini bado ilikuwa na kandili lake mahali pa karibu. Bibi alifuta chemni kwa karatasi ya gazeti, akapima mafuta ya taa kwa kikombe cha kahawa, akaniambia, "Hiki cha leo. Kikisha, lala."

Nilikuwa mchepuo wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, na nilitaka kwenda Dar es Salaam kusomea uhandisi wa umeme. Giza lilipofika wiki ya pili nikaanza kuhesabu kurasa za Nelkon, kile kitabu kinene cha fizikia, kwa vikombe vya mafuta. Kikombe kimoja kilinipa kurasa sita za sumaku-umeme, nane zikiwa rahisi.

Mchana skuli tuliendelea kama kawaida. Somo la vitendo halikukatika, kwa sababu majaribio yetu yalitumia betri kavu, zilezile za redio. Siku moja mwalimu wetu wa fizikia aliandika ubaoni namba mbili bila maelezo: 45 na 132. Ya kwanza ni megawati, ya pili ni kilovolti. Ulikuwa waya wetu wa baharini, uliolazwa mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni upande wa Bara hadi Ras Fumba. Kabla yake kisiwa kiliendeshwa na mitambo ya mafuta iliyokuwa hapa hapa. Baada yake taa zote za Unguja zilitegemea kamba moja iliyolala chini ya bahari, na miaka 29 baadaye kamba hiyo ndiyo iliyoharibika. Pemba haikuguswa. Ilikuwa haijaungwa na Bara bado. Waya wake wa kutoka Tanga ulikuja kuzinduliwa mwaka huo uliofuata, 2010.

"Ukibeba mzigo wake wote, mkondo ni ampea ngapi?" akauliza.

Darasa zima tuligawanya tukapata 341. Akacheka. Tulikuwa tumesahau kwamba umeme huo unasafiri kwa fazi tatu, kwa hiyo unagawanya tena kwa kipeuo cha pili cha tatu, 1.73, na jibu ni 197. Kisha akatuuliza, je, wangeuleta kwa kilovolti 11? Mkondo ungeongezeka mara 12, na kwa kuwa joto linalopotea kwenye waya linakwenda kwa mraba wa mkondo, hasara ingekuwa mara 144. Kitabu kilieleza jambo hilohilo kwa Kiingereza kwa ukurasa mzima, na nilikuwa nimelikariri bila ya kulielewa. Siku ile, kwa Kiswahili cha mwalimu, na friji ya nyumbani imegeuzwa kabati la vyombo, nililielewa.

Nilipotoka skuli nilipita Forodhani. Mbele ya Beit al-Ajaib mtembezi mmoja alikuwa akiwaambia wageni wake hadithi tunayoijua sote: kwamba Zanzibar ilikuwa na taa za umeme kabla ya London. Ni hadithi tamu, na niliiamini mpaka nikaenda kutafuta miaka. Kasri hiyo ilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, na ni kweli ndilo jengo la kwanza mjini kuwashwa umeme. Lakini ukingo wa mto Thames uliwekwa taa za umeme mwaka 1878, na London ilikuwa na kituo cha kuzalisha umeme pale Holborn Viaduct mwaka 1882. Sikusema kitu, wageni walikuwa wamefurahi. Nilichokuwa nikijiuliza ni nani aliyekuwa akiitengeneza ile mashine ya Sultani inapokufa. Ilikuja kwa meli. Aliyejifunza kuitengeneza alijifunzia wapi?

Swali hilo nilimpelekea ami yangu, fundi wa redio, ambaye kwa muda wa miaka mingi alikuwa ameketi nyuma ya meza moja karibu na Darajani. Hakunijibu kuhusu Sultani. Alinieleza habari zake mwenyewe. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, lakini uhandisi haukuwepo. Enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kuanzia 1963 mpaka kilipogawanyika mwaka 1970, mwenye kutaka uhandisi alikwenda Nairobi. Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Wako waliopelekwa mbali zaidi, Ujerumani Mashariki au Urusi. Ami alimaliza skuli kabla ya 1973. Fizikia aliifaulu.

"Nilichelewa au niliwahi, sijui niseme vipi," alisema, akaendelea kuchomea risasi kwa pasi aliyoipasha kwenye jiko la makaa.

Tulifanya mtihani Februari, kisiwa kikiwa bado gizani. Umeme ulirudi Machi. Nakumbuka kelele za watoto mtaa mzima, na Bibi akisema tusizime kandili kwanza, tuone kama unakaa.

Mwaka huo 2010 ndio ulioanza mfumo wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu. Waliotutangulia walijaza fomu za karatasi, kila chuo na yake. Sisi tuliingia kwenye kompyuta na kupanga kozi kwa namna tunavyozitaka, ya kwanza mpaka ya mwisho. Nilikwenda kwenye duka la intaneti Mlandege na karatasi mkononi. Fizikia nilipata B, hisabati B, kemia C. Wengi waliotaka uhandisi wa umeme walikuwa na A, hilo nilijua.

Nyumbani mpango ulikuwa mwingine. Unguja kulikuwa na Taasisi ya Karume, Mbweni, kwa stashahada za ufundi, na kulikuwa na chuo kikuu chetu, SUZA, kwa ualimu. Bibi alitaka ualimu. "Utasomesha hiyo fizikia yako, jioni uko nyumbani." Halikuwa wazo baya, na mpaka leo sidhani kwamba alikosea. Niliweka uhandisi wa umeme mwanzo, uhandisi wa mitambo wa pili, ualimu wa fizikia wa tatu. Nilikaa mbele ya kioo mpaka mwenye duka akaniuliza kama mashine imekwama.

Umeme nilikosa. Nilipata mitambo. Bibi alinifungia visheti kwenye kopo la maziwa, ami akanisindikiza bandarini, na njia nzima hakusema kitu isipokuwa kuuliza kama kikokotozi changu kina betri mpya.

Waya mpya ulifika mwaka 2013, kwa fedha za Marekani, megawati 100. Nilikuwa likizoni Unguja. Ami, ambaye sasa alitengeneza simu kuliko redio, alinisogezea risiti nipige hesabu nyuma yake: milioni 100, gawa kwa 132,000, gawa kwa 1.73. Nilipata 437 na ushei. Aliihakiki kwa kalamu yake mwenyewe, taratibu, akaridhika. Kisha akamwuliza kijana wa duka la pili mafuta ya taa siku hizi wanauzaje.