Mwanamke asiye na kadi ya kliniki

Wamisionari wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876, lakini kwa habari yetu ya leo tuanzie 1935, pale misheni hiyo ilipomleta Tanganyika daktari kijana, Leader Stirling. Lulindi ikawa kituo chake kwa miaka mingi. (Ndiye huyuhuyu aliyekuja kuwa Waziri wa Afya mwaka 1975.)

Hospitali za zama zile, za misheni hata za serikali, zilimjua mwanamke hasa kwa mlango mmoja: mimba. Akiwa nayo ataandikwa, atapimwa, atazalishwa. Je, asipoipata?

Na wasioipata hawakuwa wachache. Sensa ya 1967 ilionyesha Mkoa wa Mtwara, wakati huo ukiwa umebeba na Lindi, una uzazi mdogo kuliko mikoa ya Ziwa. Sababu moja iliyotajwa ni magonjwa ya zinaa: kisonono kisichotibiwa hupanda juu na kuziba mirija ya uzazi. Mtaani jina lilikuwa moja tu, tasa, na lawama ni za mke, hata kama ugonjwa kauleta mume.

Sasa ruka hadi 2022. Huko Marekani, Emily Lau na wenzake walichambua taarifa za wanawake 38,528 waliokwisha koma hedhi. Asilimia 14 waliwahi kuhangaika kutafuta ujauzito. Hatari yao ya moyo kushindwa kazi ilizidi ya wenzao kwa asilimia 16. Na kwa ile aina ambayo moyo unasukuma sawasawa ila umekakamaa, haulegei ukajaa damu, ilizidi kwa asilimia 27. Hata waliofanikiwa kuzaa baadaye hawakuepuka.

Tafadhali usiibebe hiyo 16 ukaipeleka Newala kama ilivyo. Mirija iliyozibwa na kisonono si sawa na homoni zilizovurugika, na wale hawakuwa bibi zetu.

Kinachonikera mimi ni foleni. Kliniki ya wajawazito hupima presha kila hudhurio. Mwanamke ambaye hajawahi kushika mimba hana kadi ile, basi hana foleni ya kupanga. Anafika miaka sitini, kilima kinamshinda, miguu inavimba jioni, anaambiwa ni uzee. Akifika hospitali ataulizwa ana watoto wangapi. Akijibu "sina", kalamu inaandika sifuri na kuhamia swali linalofuata.