Sendeyo, Kilele cha Ndugu Aliyeshindwa

Kila aliyepitia chama cha wapanda milima cha shule yetu anakijua kilele cha Lenana. Wengi wetu tulikifikia alfajiri, meno yakigongana kwa baridi, na picha ya siku ile ingali ukutani sebuleni. Lakini mwulize mwenzako kama amewahi kufika Sendeyo, naye atakuuliza: huyo ni nani?

Swali ni zuri, maana Sendeyo alikuwa mtu kabla ya kuwa kilele.

Vilele vikubwa vya Mlima Kenya ni kama ukoo mmoja. Batian, chenye mita 5,199, kimepewa jina la Mbatian, laiboni mkuu wa Wamaasai. Nelion, mita 5,188, ni nduguye Mbatian. Lenana, mita 4,985, ni mwanawe. Upande wa kaskazini, mbali kidogo na hao, vimesimama Terere (mita 4,714) na Sendeyo (mita 4,704). Terere alikuwa mzee mwingine wa Kimaasai. Sendeyo alikuwa mwana wa Mbatian, tena mkubwa kwa Lenana.

Wenyeji walikuwa na majina yao ya mlima huu zamani: Kirinyaga kwa Wakikuyu, Kiinyaa kwa Wakamba. Haya ya ukoo wa Mbatian yaliingia katika ramani kwa mkono wa Mwingereza Halford Mackinder, aliyefika Batian tarehe 13 Septemba 1899 pamoja na viongozi wawili wa milimani kutoka Italia, César Ollier na Joseph Brocherel. Aliyempendekezea majina ni Sidney Hinde, ofisa wa serikali ya Kiingereza aliyehusika na Wamaasai. Wakati huo ndugu hao wawili walikuwa hai wote, na walikuwa maadui.

Kisa chao kiliandikwa na A. C. Hollis katika kitabu chake juu ya Wamaasai, kilichotolewa mwaka 1905. Mbatian alipokaribia kufa, mnamo 1890, alimwambia Sendeyo aje asubuhi apokee vifaa vya ulaiboni. Lenana alikuwa amejificha katika zizi la ndama akasikia yote. Akadamka kabla ya nduguye, akaingia kwa baba. Mzee alikuwa na jicho moja tu, hakumtambua, akampa. Sendeyo alipofika alikuta urithi umekwisha kwenda, akaapa kwamba hatatawaliwa na mdogo wake. Waliosoma Biblia darasani watawakumbuka Yakobo na Esau, ingawa mimi huona afadhali tujiulize ni upande gani uliopenda kusimulia habari hii.

Vita vikafuata, katika miaka ile mibaya ya sotoka na ndui. Sendeyo na wafuasi wake walikuwa upande wa Loita, wakaingia hata nchi iliyotawaliwa na Wajerumani. Lenana alishikana na Waingereza. Mwaka 1902 Sendeyo, mifugo yake imekwisha na watu wake wana njaa, alikuja kwa mdogo wake kuomba amani.

Mimi nilifika kwenye kilele chake nikiwa kidato cha tano. Tulikuwa wanafunzi watano na mwalimu mmoja, na kambi yetu ilikuwa katika bonde la Mackinder. Tuliondoka kungali giza, tukahangaika kwanza na changarawe inayokurudisha hatua moja kwa kila mbili. Kisha ukaja mwamba wenyewe: bamba kubwa la kijivu lililolala kama paa la nyumba, lina nyufa za kutosha vidole na viatu. Ni njia nyepesi, haikudai nguvu za mikono. Ilidai mtu asimame wima na kuiamini miguu yake, jambo ambalo mvulana wa miaka kumi na minane huliona gumu kuliko kujivuta. Aliyetangulia alipanda mpaka kamba ilipokaribia kwisha, akaifunga kwenye jabali, akamshikia wa pili. Hivyo hivyo hadi wa sita. Tulichoogopa ni mawe yaliyolegea tu. Kila lilipoanguka moja tulipiga kelele, na bonde likatujibu.

Juu hapakuwa na kibao wala bendera. Kusini yetu Batian ilijaa mbingu yote, na kushoto kwake tuliiona Lenana, ndogo, na juu yake vijidoa vyeusi vilivyokuwa vikisogea. Walikuwa watu. Mwalimu alitugawia biskuti, akatuuliza kwa nini kule kuna watu na hapa hapana. Tukasema Lenana ni rahisi na ni juu zaidi. Akasema majibu yote mawili ni sahihi, kisha akatuhadithia habari za 1904.

Mwaka huo Lenana alikuwa miongoni mwa waliotia alama mkataba uliowaondoa Wamaasai Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia, kwa ahadi kwamba utadumu maadamu Wamaasai wapo. Ulidumu miaka saba. Lenana alikufa Machi 1911, na serikali ikatangaza kwamba maneno yake ya mwisho yalikuwa kuwataka watu wake wahame Laikipia. Mwezi uliofuata mkataba wa pili ukatiwa alama. Wamaasai waliopinga walikwenda mahakamani wakiongozwa na Ole Njogo, wakashindwa mwaka 1913. Kwa hiyo ukoo huu umeamuliwa mara mbili na maneno ya mtu aliye kitandani kufa, na mara zote mbili aliyetuletea maneno hayo ni yule aliyefaidika nayo, au rafiki zake. Hayo ya pili ni maoni yangu. Vitabu vyetu vya shule viliyapita kwa sentensi moja.

Wanafunzi wa sasa watakaotaka kwenda wachague Januari na Februari, au Julai hadi Septemba. Mchukue kofia ngumu na kamba, na mtu aliyekwisha kuipanda njia. Muwe juu mapema, kwa sababu mawingu huja kabla ya adhuhuri, na bamba lile likilowa halishiki kiatu.