Mteremko uliosawazishwa una usalama gani?

Zamani, ukienda kuteleza kwa skii, mara nyingi uliikuta theluji kama ilivyoanguka, au kama wenzako walivyoiacha. Watu wakikata kona palepale kila siku, vinaota vichuguu. Anayejifunza hapo ni kuanguka tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Steve Bradley wa kituo cha Winter Park, Colorado, Marekani, alitengeneza kifaa chenye bamba la kukwangua vichuguu na rola ya kushindilia. Injini hakikuwa nayo: mtu aliteleza mbele akikiongoza, chenyewe kikimfuata nyuma. Kazi kweli!

Kwa nini kinasaidia? Theluji ikishindiliwa, chembe zake hugusana, na zikiachwa usiku kucha hushikana na kuwa ngumu. Ndiyo maana mteremko uliosawazishwa humbeba hata anayeanza.

Lakini ugumu huohuo huongeza kasi, na ukianguka unaumia. Theluji isiyoguswa ni laini, ila huficha mawe, na penye mteremko mkali inaweza kuporomoka na wewe. Kwa hiyo kusawazisha kuliwafungulia mlango watu wa kawaida. Hatari haikuondoka, ilibadilika sura.