Idjwi: kisiwa kilijilisha namna gani, na udongo ulikuwa mkononi mwa nani

Idjwi ina udongo mzuri, mvua inapiga misimu miwili kwa mwaka, maji yako pande zote. Sasa kwa nini mara mashua zinaposimama siku chache, njaa inabisha hodi? Wengine wanajibu haraka: vita. Wengine: watu ni wengi. Majibu hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Kwa kupata jibu lingine inafaa kurudi nyuma kabisa.

Idjwi imelala katikati ya ziwa Kivu, ngambo moja Kalehe na Kabare, ngambo nyingine Rwanda. Katika visiwa vya maziwa ya Afrika, ni Ukerewe ya Tanzania tu inayoipita kwa ukubwa. Ni teritware ya Kivu Kusini, makao yake Bugarula, na ina usultani mbili: Rubenga kaskazini, Ntambuka kusini. Ukubwa wake ni kama kilometa mraba 300, na wakaaji wamepita robo milioni. Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya watu 800 kwa kilometa mraba moja, milima na mawe pia yakihesabiwa.

Zamani za bami wa Bahavu kulikuwa na sherehe kila mwaka iliyoitwa Muganuro, sherehe ya mavuno ya kwanza. Mwami alionja nafaka mpya, na koo mbalimbali za kisiwa zilikuwa kila moja na kazi yake katika sherehe hiyo. Mwanahistoria Mmarekani David Newbury, aliyesikiliza wazee wa Idjwi miaka ya 1970, aliandika kitabu kizima juu ya koo hizo na namna ufalme ulivyojengeka kati ya 1780 na 1840. Mimi nasoma Muganuro hivi: mwami hakuweza kuwa mwami peke yake. Ufalme wake ulipita kwenye mavuno, na mavuno yalipita kwenye mikono ya koo nyingine. Kiongozi ambaye mashamba ya watu wake yamekauka, angeonja nini mbele yao?

Na shamba lilipatikana namna gani? Katika Buhavu, kama katika Bushi, kulikuwa na njia mbili ambazo hata leo mnazisikia. Aliyetaka udongo wa kudumu alitoa ng'ombe ao mbuzi kwa mkubwa wa udongo, akapata kalinzi; watoto wake wakarithi. Asiye na mali aliomba bwasa: udongo wa msimu ao wa mwaka, unaolipwa kwa kasiksi ao kwa kazi ya mikono. Mwenye bwasa aliruhusiwa maharagi, viazi, mtama. Migomba na miti, hapana, kwa sababu mgomba ni alama ya mwenyeji. Shikeni neno hilo, tutalirudilia.

Sisemi kwamba kulikuwa paradiso. Kwenye nusu ya pili ya karne ya 19 mfalme wa Rwanda Kigeri Rwabugiri alishambulia kisiwa kwa mitumbwi, mwami Kabego akauawa, na utawala wa Rwanda ukakaa mpaka Rwabugiri mwenyewe alipokufa mwaka 1895. Kisha Wazungu. Mapatano ya 1910 yaliipa Ubelgiji kisiwa, Wajerumani wakakikamata mwaka 1914, Wabelgiji wakakirudisha mwaka 1916.

Bendera zilibadilika mara nyingi, lakini kilichogeuza chungu cha mwananchi ni plantesheni. Wazungu walipewa udongo mzuri kwa ajili ya kahawa na kinkina, ule mti wa kwinini. Aliyelima mtama wake akawa mfanyakazi wa mshahara kwenye mlima uleule. Tangu 1917 kulikuwa na sheria ya kilimo cha lazima katika Kongo nzima. Halafu miaka ya 1940 na 1950 serikali ikalazimisha katika Kivu kuchimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko. Kwa kweli mifereji ile ilikuwa kazi nzuri; kila mkulima wa mlimani anajua mvua ya mwezi wa nne inavyoshusha udongo ziwani. Lakini ilichimbwa chini ya amri na faini. Uhuru ulipofika mwaka 1960, pahali pengi watu waliiacha ijae, wakaona hiyo pia ni sehemu ya uhuru.

Hapa niruhusuni nitoke kidogo kwenye ziwa letu, niende ziwa Victoria. Jirani ya Ukerewe kuna kisiwa kidogo kinaitwa Ukara, kama kilometa mraba 80 tu, udongo wake wa mchanga na mawe, mbaya kuliko wa Idjwi. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kilimo Waingereza walifika kule wakashangaa. Wakara walikuwa wengi sana, na bado walilima mashamba yaleyale kila mwaka bila kuyalaza. Ng'ombe walifugwa ndani ya nyumba, kwenye shimo, wakiletewa majani yaliyokatwa. Samadi ikabebwa kichwani mpaka shambani. Katikati ya uwele walipanda marejea, mmea wa jamii ya kunde, kisha wakaufukia uwe mbolea. Hakuna Mzungu aliyewaamuru. Kila kipande cha udongo, hata mti mmoja mmoja, ulikuwa na mwenyewe anayejulikana, na mtoto wake alijua atarithi. Tena Wakara hao hao, walipohamia Ukerewe na bara ambako udongo ulikuwa mwingi, waliiacha ile kazi ngumu. Mimi naona jambo moja: mtu anabeba samadi kichwani kama anajua kesho shamba litakuwa bado lake, na kama hana pengine pa kwenda.

Turudi Idjwi. Mwaka 1973 sheria mbili zilipita juu ya udongo wetu. Tarehe 20 mwezi wa saba, sheria ya ardhi ikasema udongo wote ni wa serikali. Kuhusu udongo wa kimila, artikle ya 389 ikaahidi kwamba ordinansi ya prezida itakuja kupanga haki za wananchi. Watu waliingoja miaka makumi. Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja, zaïrianisation ikatoa plantesheni kwa Wageni ikawapa wakubwa wa Zaïre. Mkulima wa chini akabaki pale pale, isipokuwa sasa kalinzi yake ilikuwa neno la mdomo mbele ya karatasi ya mwingine.

Kahawa ilibaki, na ikawa feza ya familia nyingi. Lakini kahawa haipikwi kwenye chungu. Bei ilipoanguka na barabara kuharibika, watu waliivusha usiku kwa mitumbwi mpaka Rwanda, na wengi walizama. Ndipo wakulima wakaunda ushirika wa CPNCK, waoshe kahawa yao na kuiuza wazi. Ni hatua kubwa, ila inaleta feza tu, na feza inanunua unga unaokuja na mashua.

Chakula chenyewe kikapigwa na magonjwa. Mwanzo wa miaka ya 2000 mozaiki iliumiza mihogo ya Kivu Kusini, na mnyauko wa migomba ulioonekana Masisi mwaka 2001 ukasambaa. Dawa ya mnyauko si ya kununua: kata shina lililougua peke yake, choma panga kwa moto kabla ya kugusa lingine, ondoa ua la dume kwa kijiti chenye panda. Lakini mmoja akifanya na jirani asifanye, ugonjwa unarudi. Hapo mkubwa wa grupema ana kazi ambayo agronome wa mji hawezi kuifanya.

Na hapa ndipo tunakutana na wahami. Goma ilikamatwa mwezi wa kwanza 2025, Bukavu mwezi wa pili, na familia zilivuka kuja visiwani, kama wakimbizi wa Rwanda walivyofanya mwaka 1994. Mgeni anapata bwasa, akibahatika. Batwa wa Idjwi, waliotolewa msituni, wanalima vilevile kwenye udongo wa kuomba, ijapokuwa sheria ya 15 mwezi wa saba 2022 inatambua haki zao. Sasa kumbukeni lile neno juu ya mgomba. Mtu wa bwasa haruhusiwi kupanda mti, na samadi anayoweka mwaka huu italisha wa mwaka ujao. Basi anavuna maharagi kwa miezi mitatu, udongo unabaki uchi, mvua inaushusha ziwani.

Bami na wakubwa wa mitaa hawana uwezo wa kumaliza vita, wala wa kuandika ordinansi ya prezida. Lakini bwasa ni mkononi mwao. Mihogo inaomba mwaka mmoja na zaidi, majani ya kushika mteremko yanaomba miwili ao mitatu. Bwasa ya miaka mitatu, iliyoandikwa mbele ya mashahidi, wenye udongo, wahami na Batwa wakiwa wamekaa pamoja, yenye kuruhusu majani ya mifugo kwenye kingo za shamba, haiombi ruhusa ya Kinshasa. Msimu wa kupanda unafunguka mwezi wa tisa, na mazungumzo ya udongo yanafanyika kabla yake.