Epitaloni: Safari ya Dawa ya Uzee Kutoka Leningrad

Tarehe 1 Juni 1889, Charles-Édouard Brown-Séquard, mzee wa miaka 72, aliwaambia wanasayansi wenzake jijini Paris jambo lililowaduwaza. Alikuwa amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na simbilisi, na nguvu za ujana zilikuwa zimemrudia. Mzaliwa huyu wa Port Louis, Mauritius, hakuwa tapeli; uchunguzi wake juu ya uti wa mgongo unafundishwa vyuoni hadi leo. Mwaka 2002 watafiti wa Australia waliitengeneza upya dawa yake kwa kufuata maelekezo aliyoyaacha. Homoni iliyokuwemo ilikuwa haba mno kuweza kumbadilisha mtu. Mzee alizihisi nguvu kwa kuwa alizitarajia.

Lakini wazo lake kwamba tezi humwaga kwenye damu kemikali zinazoendesha mwili lilikuwa sahihi. Nyingi ya kemikali hizo ni peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino. Mwaka 1963 Bruce Merrifield wa New York alionyesha namna ya kuziunga asidi hizo moja baada ya nyingine juu ya punje za plastiki, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Peptidi ikawa kitu cha kutengenezwa, si cha kukamuliwa tu.

Miaka ya 1970, katika Chuo cha Tiba cha Jeshi mjini Leningrad (leo St. Petersburg), daktari Vladimir Khavinson na mwenzake Vyacheslav Morozov walianza kwa njia ya kale. Walichuja peptidi kutoka tezi za ndama na ng'ombe. Timusi, tezi ya kifuani inayokomaza seli za kinga na kusinyaa kadiri umri unavyosonga, iliwapa timalini. Pineali, tezi ndogo ndani ya ubongo inayotoa melatonini usiku, iliwapa epitalamini. Dawa za namna hiyo ni mchanganyiko wa vitu vingi, na ni vigumu kusema kipi kinafanya kazi. Hivyo, baada ya kupima asidi zilizomo katika epitalamini, kundi la Khavinson likaunda mnyororo wa asidi nne tu: alanini, glutamiki, aspatiki na glisini. Hiyo ndiyo epitaloni.

Mwaka 2003, pamoja na mtaalamu wa saratani Vladimir Anisimov, walichapisha jaribio lao kwa panya jike. Panya walidungwa siku tano kila mwezi, tangu miezi mitatu ya umri mpaka kufa kwao. Upeo wa maisha uliongezeka kwa asilimia 12.3, na saratani ya damu ikapungua mara sita. Wastani wa maisha haukubadilika. Naomba msomaji asiipite haraka sentensi hiyo: faida ilionekana kwa wachache walioishi muda mrefu kuliko wenzao, ila kundi zima kwa wastani halikuishi zaidi. Ni matokeo yanayostahili kufuatiliwa, na waandishi waliyaeleza bila kuficha. Wanaouza epitaloni ndio hutangaza nusu yake.

Mwaka huohuo Khavinson aliripoti kuwa epitaloni imeamsha telomerasi katika seli za binadamu zilizokuzwa maabara. Kimeng'enya hicho hurefusha telomea, ncha za kromosomu zinazofupika kila seli inapogawanyika. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba seli nyingi za saratani nazo huitumia telomerasi ili ziendelee kugawanyika bila kikomo.

Kwa upande wa binadamu, utafiti unaotajwa sana ni ule wa wazee 266 uliofanywa na taasisi za St. Petersburg na Kiev kwa miaka sita hadi minane. Waliotibiwa walikufa wachache kuliko wasiotibiwa. Ila walipewa timalini na epitalamini, zile zilizochujwa kutoka kwa mifugo. Epitaloni haikuwemo.

Leo unga wa epitaloni unauzwa mtandaoni katika vichupa vilivyoandikwa kuwa ni vya utafiti tu, na watu wanajidunga nyumbani. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaiidhinisha, na sehemu kubwa ya ushahidi wake imetoka kwa Khavinson na washirika wake. Wanaojidunga wanastahili jaribio kubwa la binadamu, lifanywe na wasio na uhusiano na waliobuni dawa, ambamo daktari na mgonjwa wote hawajui nani kapewa epitaloni na nani kapewa maji ya chumvi.