Msaliti Husamehewa, Je, Hurudishiwa Kiti?

Tarehe 19 Mei 303, msimamizi wa mji wa Cirta katika Numidia, mji ambao leo unaitwa Constantine na uko Algeria, aliingia na makarani wake katika nyumba walimokutania Wakristo. Alikuwa anatekeleza amri ya Kaisari Diocletian kwamba maandiko ya Wakristo yachomwe na majengo yao ya ibada yabomolewe. Karani aliandika kila kilichotolewa: vikombe 2 vya dhahabu, vikombe 6 vya fedha, taa, kanzu 82 za wanawake, jozi 47 za viatu vya kike. Askofu Paulo alikuwa ameketi pale pale. Alipoulizwa vitabu viko wapi, alijibu kwamba wanavyo wasomaji. Mashemasi wadogo wawili walitakiwa kuwataja wasomaji hao. Wakakataa, wakasema wao si wasaliti, na kama ni kuuawa, wako tayari. Wakakamatwa. Wenzao wengine wakakubali kuonyesha njia, na nyumba baada ya nyumba vitabu vikatolewa.

Kumbukumbu hii tunayo kwa sababu dola ya Kirumi ilitunza majalada yake. Ndani yake limo jina la shemasi mdogo mwingine, Silvanus, aliyetoa kisanduku cha fedha na taa ya fedha, akieleza kwamba alivikuta nyuma ya pipa. Tutarudi kwake.

Aliyekabidhi maandiko aliitwa kwa Kilatini *traditor*, yaani mkabidhi. Kitenzi chake ndicho kilichotumika katika Injili za Kilatini kueleza tendo la Yuda Iskariote. Kwa hiyo Mkristo wa Afrika Kaskazini aliposikia kwamba askofu fulani amekabidhi vitabu, hakusikia kosa la kiutawala. Alimsikia Yuda.

Je, usaliti wa namna hiyo husameheka? Kwa upande wa mafundisho, jibu halikuwa gumu kama tunavyodhani. Injili zinataja dhambi moja tu isiyo na msamaha, kumkufuru Roho Mtakatifu. Petro alimkana Bwana wake mara tatu, na Injili ya Yohana inasimulia jinsi alivyoulizwa mara tatu kama anampenda, kisha akapewa kondoo awachunge. Yuda naye, kwa mujibu wa Mathayo, alijuta na kuvirudisha vile vipande 30 vya fedha. Kanisa la kale halikusema kwamba dhambi ya Yuda ilizidi rehema. Wafafanuzi wengi walimlaumu kwa kukata tamaa na kujinyonga. Ugumu ulikuwa kwingine: nani mwenye mamlaka ya kutamka msamaha, na aliyesamehewa anarudi kama nani?

Swali la kwanza lilikuwa limeshaitikisa Karthago nusu karne kabla. Kaisari Decius, aliyetawala kuanzia 249 hadi 251, aliamuru wakazi wa dola watoe sadaka kwa miungu mbele ya maofisa na kupewa hati. Zaidi ya hati 40 za aina hiyo zimepatikana katika mafunjo ya Misri. Wakristo wengi walitii. Wengine hawakutoa sadaka bali waliinunua hati yenyewe kwa ofisa, kwani rushwa haikuanza na sisi. Amri ilipolegea, walioanguka walitaka kurudi, na wengi wao walirudi na vikaratasi vya msamaha kutoka kwa waungama imani, yaani wale walioteswa na kufungwa bila kuikana imani. Baadhi ya vikaratasi hivyo havikutaja hata jina la mtu mmoja mmoja. Mwenye nacho aliingia pamoja na jamaa zake wote.

Askofu Sipriani alikataa msamaha wa jumla wa namna hiyo, ingawa naye alikuwa na doa: wakati wa msako alijificha, na wapo waliomsuta kwa hilo. Kule Roma, Novatian alishika msimamo wa kinyume kabisa, kwamba aliyetoa sadaka asipokelewe tena na Kanisa. Sinodi ya Karthago ya mwaka 251 ilipita katikati. Walionunua hati walichunguzwa mmoja mmoja. Waliotoa sadaka waliwekwa katika kitubio kirefu, na baadaye, mateso mapya yalipokaribia, wale waliodumu katika toba wakapokelewa. Sipriani mwenyewe alikatwa kichwa mwaka 258.

Hapo ndipo penye kipengele ambacho wasomaji wengi hukipita haraka. Askofu au padri aliyeanguka, hata akitubu, alipokelewa kama mlei. Sipriani na wenzake walilishikilia hilo walipoulizwa kuhusu maaskofu wawili wa Hispania waliochafuka kwa hati za Decius na kutaka vyeo vyao. Mlango wa kanisa ulikuwa wazi kwao, ila si kiti.

Baada ya mateso ya Diocletian swali likarudi kwa ukali zaidi. Caecilian alipowekwa wakfu kuwa askofu wa Karthago, maaskofu wa Numidia walimkataa kwa madai kwamba Felix wa Aptunga, mmoja wa waliomweka wakfu, alikuwa amekabidhi maandiko. Wakamweka askofu wao, na baada yake Donatus, ambaye wafuasi wake wakaitwa Wadonati. Mwaka 314 sinodi ya Arles iliamua kwamba kasisi aliyekabidhi maandiko, vyombo vitakatifu au majina ya ndugu zake aondolewe katika daraja, mradi lithibitishwe kwa kumbukumbu za umma na si kwa maneno matupu. Lakini waliowekwa wakfu naye wabaki na daraja zao. Mwaka uliofuata Felix alisafishwa na uchunguzi wa serikali: barua iliyomtia hatiani ilikuwa imeghushiwa.

Kwa maoni yangu, uamuzi wa Arles ni kazi ya akili pevu kuliko hotuba nyingi za maridhiano tunazozisikia Afrika Mashariki, ambako kiongozi hupanda madhabahuni Jumapili, huomba radhi kwa kosa asilolitaja, hupigiwa makofi, na Jumatatu yuko ofisini. Arles ilitenganisha roho ya mkosaji na cheo chake, tena ikadai ushahidi.

Hata hivyo, sitaki kuwapaka mafuta waliohubiri rehema. Konstantino alituma askari dhidi ya Wadonati. Baada ya mjadala wa Karthago mwaka 411, uliokutanisha maaskofu zaidi ya 500 wa pande zote mbili, sheria ya mwaka 412 iliwatoza Wadonati faini na kuwanyang'anya makanisa, na Augustino, mtetezi mkuu wa neema, aliitetea nguvu hiyo kwa mfano wa Injili wa wageni walioshurutishwa kuingia karamuni. Kwa Mdonati aliyeporwa kanisa, umoja uliosimamiwa na polisi wa Kaisari ulikuwa ni kukabidhi kwingine.

Na Silvanus? Miaka michache baada ya kutoa ile taa, aligombea uaskofu wa Cirta. Baadaye alikuwa miongoni mwa maaskofu waliomhukumu Caecilian kwa kuchafuliwa na wasaliti. Jalada la mwaka 303 lilifunguliwa mwaka 320 mbele ya liwali Zenophilus, baada ya Silvanus kugombana na shemasi wake, na akaishia uhamishoni. Mashahidi walieleza jinsi uchaguzi wake ulivyokwenda: waumini walipiga kelele kwamba huyu alikabidhi, apatikane mwingine. Wakafungiwa katika makaburi ya mashahidi wa imani, na mpiganaji wa uwanja wa michezo akambeba Silvanus mabegani.