Wajane wa Kigali na Nyumba Zao

Januari 1995, miezi sita baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi kukomeshwa, wanawake 50 walikutana Kigali wakaunda chama. Wote walikuwa wajane. Mmoja wao, mwanasosholojia Esther Mujawayo, alikuja kuandika vitabu kuhusu yale aliyoyaona. Wengi wa wenzake hawajulikani nje ya mitaa yao. Chama wakakiita AVEGA Agahozo. Hawakukianzisha ili wajenge nyumba. Walikianzisha kwa sababu mtu aliyebaki peke yake katika ukoo mzima hana hata wa kulia naye. Ila walipoanza kuulizana hali, swali la pa kulala halikukawia kujitokeza.

Msomaji anaweza kushangaa mji uliopoteza watu wengi kiasi kile ulikosaje nyumba. Kwanza, wauaji hawakuishia kuua. Nyumba za Watutsi zilivunjwa, mabati yakang'olewa, milango na madirisha yakabebwa, na waliobeba mara nyingi walikuwa majirani. Aliyenusurika alirudi kwake akakuta msingi umeota majani. Pili, nyumba zilizosalia nzima mjini hazikukaa wazi. Kuanzia Julai 1994, Wanyarwanda waliokuwa uhamishoni tangu 1959 na miaka iliyofuata walirejea kwa mamia ya maelfu kutoka Uganda, Burundi, Zaire na Tanzania, wakaingia katika nyumba walizozikuta hazina wenyewe.

Sehemu ya mvutano juu ya nyumba hizo ilikuwa imetabiriwa. Itifaki ya wakimbizi iliyosainiwa Arusha tarehe 9 Juni 1993 ilipendekeza kwamba aliyekaa nje ya nchi zaidi ya miaka kumi asidai tena mali yake iliyokwisha kushikwa na mwingine. Serikali impatie kiwanja pengine. Kwenye karatasi lilikuwa wazo la busara. Kisha, Novemba na Desemba 1996, wakimbizi wengine zaidi ya milioni moja, wale waliokimbia 1994, wakarudi ndani ya majuma machache kutoka kambi za Zaire na Tanzania. Nyumba moja ikawa na wadai wawili, pengine watatu. Katika purukushani hiyo mjane hakuwa na mgongo wa kuegemea: hana mume, hana shemeji, na hati, kama iliwahi kuwapo, iliungua pamoja na kabati.

Tarehe 13 Desemba 1996 serikali ilipitisha sera ya makazi: watu wakusanywe vijijini, katika imidugudu, badala ya kila familia kukaa kilimani peke yake. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR, lilisaidia ujenzi wa takriban nyumba 98,000 nchi nzima hadi mwisho wa 1999. Sera hiyo ilipata lawama. Mwaka 2001 Human Rights Watch ilieleza jinsi wakulima wengine walivyolazimishwa kuacha nyumba zao nzima wakajenge upya vijijini. Kwa mjane wa mjini, hata hivyo, kiwanja katika umudugudu kilikuwa ndiyo nafasi pekee iliyoonekana.

Hapa inafaa kuitazama nyumba yenyewe. Ilikuwa ya vyumba viwili au vitatu, kuta za rukarakara, paa la mabati. Rukarakara ni tofali la udongo uliokanyagwa kwa maji na majani makavu, likafyatuliwa kwa kibao na kuanikwa juani. Likipandishwa juu ya msingi wa mawe, likapigwa plasta na kufunikwa na paa lililotokeza vya kutosha, linadumu miaka mingi. Likiwekwa juu ya ardhi tupu, masika mawili yanalirudisha kuwa tope. Wafadhili kwa kawaida walitoa mabati, milango na madirisha. Kuta zilikuwa juu ya familia. Utaratibu huo uliitwa ushirikishwaji, na ulipendwa sana katika ripoti. Uliwaza nyumba yenye mwanamume mwenye nguvu zake na vijana wawili. Mwanamke aliyekatwa mkono kwa panga, anayelea watoto wake na yatima wa dada yake, angefyatua matofali mangapi kwa siku? Na hakuwa mmoja: baada ya 1994 takriban theluthi moja ya kaya za Rwanda ziliongozwa na wanawake. Hapo ndipo vyama vya wajane vilipoanza kufanya kazi ambayo wafadhili hawakuwa wameipangia bajeti: kutafuta mikono, kuita umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii, kuandikisha nani hana kabisa na nani anaweza kungoja.

Fedha zilitafutwa kila pembe. Mwaka 1997 Mary Kayitesi Blewitt, Mnyarwanda aliyeishi London na aliyepoteza ndugu wengi, alianzisha Survivors Fund, ambayo ikawa mshirika wa karibu wa AVEGA. Mwaka huohuo Kigali ilipata Rwanda Women's Network, chini ya Mary Balikungeri, ambayo huko Kagugu ilijenga kijiji kidogo kwa ajili ya wanawake walionusurika ubakaji. Januari 1998 sheria ikaunda FARG, mfuko wa serikali wa kuwasaidia wanusurika wasiojiweza, uliotengewa asilimia 5 ya mapato ya ndani ya taifa. FARG ilijenga kwa wingi ambao hakuna chama kingeuweza. Ilijenga pia kwa haraka na kwa bei ya chini, na nyumba nyingi za miaka ile zilianza kupasuka kabla watoto waliohamia humo hawajamaliza shule.

Lakini ukuta, hata mbovu, ndio uliokuwa upande rahisi wa kazi. Wanawake wa AVEGA waliligundua hilo mapema kuliko waliowapa fedha. Kwa mila, ardhi ilifuata wana wa kiume. Mjane alikaa kwenye shamba la mumewe kwa hisani ya wakwe, na binti hakuhesabiwa kabisa katika mirathi ya baba. Utaratibu huo ulitegemea kuwapo kwa wakwe wa kutoa hisani na wana wa kurithi. Mwaka 1994 uliwafyeka wote. Akabaki mwanamke, na mara nyingine akatokea binamu wa mbali wa marehemu anayedai kiwanja ambacho nyumba ya msaada imejengwa juu yake.

AVEGA ikaungana na vyama vingine vya wanawake, chini ya mwavuli wa Pro-Femmes Twese Hamwe, kushinikiza sheria ibadilishwe. Ndani ya serikali walikuwa na msikilizaji, waziri Aloisea Inyumba, aliyeshika wizara ya jinsia na familia tangu 1994 hadi 1999. Tarehe 12 Novemba 1999 ikatoka sheria namba 22/99: mtoto wa kike anarithi sawa na wa kiume, na mke aliyefiwa ana haki yake katika mali ya ndoa. Kwa maoni yangu sheria hiyo ilisimamisha nyumba nyingi kuliko saruji yoyote. Ilikuwa na tundu, tena kubwa: iliwalinda walioandikisha ndoa serikalini, na wanawake wengi walikuwa wameolewa kimila tu. Upimaji wa ardhi wa nchi nzima, uliofanyika kati ya 2009 na 2013 na kusajili vipande zaidi ya milioni 10, uliandika majina ya mume na mke kwenye hati moja. Kwa walioolewa kimila tundu likabaki.

Wakati huo Kigali yenyewe ilikuwa inageuka. Mji ambao Mjerumani Richard Kandt aliuanzisha mwaka 1907, na ambao wakati wa uhuru 1962 ulikuwa na watu elfu chache tu, sasa ulikuwa na mpango mkuu uliochorwa na wataalamu wa Denver, Marekani, kisha wa Singapore. Mwaka 2008 wakazi wa Kiyovu ya chini, iliyojulikana kama Kiyovu cy'abakene, waliondolewa katikati ya mji. Waliahidiwa nyumba Batsinda, kilomita kadhaa kaskazini. Nyumba zilikuwa bora kuliko walizoacha. Tatizo lilikuwa nauli: mama aliyeuza mboga kwa kutembea dakika kumi sasa alihitaji basi, na fidia ya wengi haikutosha bei ya nyumba, wakabaki na deni. Kiyovu waliyoiacha ilikaa wazi miaka mingi. Mwaka 2022 mambo yakajirudia Kangondo na Kibiraro, ambako baada ya mvutano mrefu wakazi walihamishiwa maghorofa ya Busanza.

Somo lilifika, ijapokuwa polepole. Huko Mpazi, kwenye korongo linaloteremka kuelekea Nyabugogo, mji kwa msaada wa Uswisi ulijaribu njia nyingine: thamani ya kibanda cha mkazi inapimwa, anabadilishiwa fleti ya matofali ya kuchoma palepale, na soko lake na shule ya watoto vinabaki vilipokuwa. Na mwaka 2019 serikali iliruhusu tena rukarakara, kwa masharti ya ubora, baada ya kuipiga marufuku mjini kwa miaka.

Waliojengewa miaka ya 1990 wamezeeka. Kwa wale wasiobakiwa na mtoto hata mmoja, wanaoitwa Intwaza, nyumba ya peke yao imekuwa mzigo: nani atachota maji, nani atajua kama mwenyewe ameanguka usiku? Unity Club, jumuiya inayoongozwa na Jeannette Kagame, mke wa rais, imewajengea makao ya pamoja yaitwayo Impinganzima, yakiwemo ya Huye na ya Bugesera, na baadhi yao wamefunga nyumba walizozihangaikia wakahamia huko. Wengine wanabaki kwao. FARG ilivunjwa 2021, na kazi yake ikakabidhiwa wizara mpya ya umoja wa kitaifa. Kila Aprili, wakati wa kumbukumbu, mabenki, makampuni na vyama vya vijana huchagua wanusurika wa kukarabatiwa nyumba, na kazi huanzia mara nyingi kwenye msingi na plasta.